Alichosema Mama Nyangeta Kuhusu Banda la Njiwa

Mwezi uliopita tulimzika Mama Nyangeta huko Bunda, kwenye kiwanja cha dada yake, mbali na nyumba aliyoolewa. Nilikaa viti vya nyuma, chini ya turubai. Mbele yangu alikaa kijana mmoja wa ukoo aliyevaa suti nzuri, ambaye katika mwaka ninaousimulia alikuwa hajazaliwa, naye alikuwa akimweleza mwenzake kwa uhakika mkubwa kwamba marehemu alihama Musoma kwa sababu aligombania kiwanja na mfuga njiwa. Alisema walifikishana barazani na kwamba mfuga njiwa alishinda. Nilimgusa bega nikamwuliza habari hizo amezitoa wapi. Alinijibu kwa adabu: "Ni historia inayojulikana, mzee." Nilinyamaza, maana msibani si mahali pa kusahihishana, lakini tangu siku ile neno hilo "inayojulikana" halijanipa raha. Inajulikana kwa nani? Nakala za barua zote ninazo, ziko mezani pangu ninapoandika. Mfuga njiwa alikuwa mjomba wangu. Ugomvi wa kiwanja haukuwapo hata siku moja mpaka mtu alipouandika kwenye karatasi, na mtu huyo nilikuwa mimi. Naandika sura hii ili yeyote atakayetaka kulisimulia jambo hili baada yangu awe na kitu cha kusoma, asiwe na cha kusikia tu.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kutoka jeshini, nikingoja barua ya chuo iliyochelewa mwaka mzima, na mwaka huo niliuishi Kitaji, mjini Musoma, kwa Mjomba Mafuru, ndugu wa mama yangu. Alikuwa fundi seremala mwenye karakana Nyasho. Nyumba yake ilinuka vanishi na vumbi la mbao hata ndani ya vyungu. Sebuleni palikuwa na meza moja ndefu isiyokwisha kutengenezwa. Upande mmoja tulikula, na upande wa pili palikaa randa, patasi na vipande vya mbao ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvisogeza. Chakula chetu kilikuwa ugali wa udaga wa muhogo na samaki wadogo wa furu waliokaushwa, siku nyingine sato, na asubuhi michembe ya viazi vitamu kwa chai ya maziwa. Mjomba alikula kimya. Misumeno ya miaka mingi ilikuwa imemwondolea sehemu kubwa ya usikivu, hivyo watu walipozungumza naye walipaza sauti, na yeye alijibu kwa sauti ya chini kuliko ilivyohitajika, kana kwamba anasawazisha. Njiwa hakuwasikia wakiunguruma. Kila asubuhi kabla ya kwenda karakana alisimama chini ya banda, akaweka kiganja kwenye nguzo moja, akafumba macho. Mngurumo wao aliupata kupitia mbao. Niliwahi kumwuliza ni raha gani aipatayo pale. "Hiyo ndiyo sauti iliyobaki, mpwa," alisema, akaenda zake kazini.

Banda lenyewe halikuwa kisanduku cha kutundika ukutani. Mjomba alijenga kila kitu kana kwamba kitakaguliwa. Lilisimama juu ya nguzo sita, hatua mbili tu kutoka kwenye ua wa minyaa uliotutenga na kiwanja cha Mama Nyangeta. Lilikuwa na milango midogo ishirini na minne, kila mmoja na kibaraza chake cha kutulia, paa la bati lenye mgongo, na ngazi ya kudumu. Kutoka barabarani ungedhani ni nyumba ya ghorofa ya watu wafupi sana. Ndivyo hasa alivyodhani mkaguzi wa majengo alipopita mtaani kwetu na ndoo yake ya rangi. Alilizunguka, akahesabu nguzo, akamwita mjomba.

"Mzee, hili ni jengo."

"Ni banda la njiwa."

"Lina nguzo?"

"Lina."

"Lina paa?"

"Lina."

"Lina ngazi?"

"Sasa wewe ulitaka niwafikie vipi? Niruke nao?"

Mkaguzi hakucheka. Alichovya brashi akachora X nyekundu kwenye ubao wa chini, kubwa, na rangi ikachuruzika mpaka kwenye nguzo ile ile ya kiganja. Akaacha ilani: kibali cha ujenzi kiletwe ndani ya siku thelathini, la sivyo banda livunjwe na gharama zimfuate mwenye nalo. Mjomba aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akanipa. "Wewe ndiye uliyesomeshwa," alisema. "Hii ni kazi yako. Mimi ningejua nifanyeje nayo? Nimejengea njiwa, sikujengea mtu."

Nakiri kwamba nilifurahi. Kwa miezi mitano nilikuwa nimekaa katika nyumba ya mtu wa mikono bila kazi ya maana, na sasa nilikuwa nimepewa faili. Nilichora ramani ya banda nakala tatu kwa rula na penseli kali. Nilipata maoni ya Bwana Afya, aliyeagiza kinyesi kizolewe mara mbili kwa juma. Nilipata muhuri wa balozi wa nyumba kumi. Kilichobaki kilikuwa fomu ya majirani wanaopakana, ambamo kila jirani alitakiwa kueleza kama ameridhia au ana pingamizi, akaweka saini. Majirani walikuwa watatu. Wawili waliweka saini siku ile ile; mmoja aliuliza tu kama atapata makinda ya kuanzia ufugaji. Wa tatu alikuwa Mama Nyangeta, na nilipobisha hodi kwake niliambiwa na mpangaji wake kwamba amekwenda Bunda kwenye msiba na hajulikani atarudi lini. Alikuwa mjane wa miaka miwili. Mumewe alikuwa mtu wa Butiama, na kiwanja kilikuwa bado katika jina la marehemu, jambo ambalo mimi wakati huo niliona halinihusu.

Hapa lazima nieleze kidogo kuhusu midomo yetu, kwa kuwa msomaji wa pwani au wa Dar es Salaam anaweza asielewe jinsi jambo dogo hivi lilivyoweza kutokea. Wazee wetu wengi wa Mara walijifunza Kiswahili ukubwani, juu ya lugha ya nyumbani, na sauti ambazo lugha ya nyumbani haikuwa nazo walizipeleka pale palipokuwa karibu. Dhambi ilikuwa sambi. Thamani ilikuwa samani. Na maneno mawili ambayo kwa mwandishi yako mbali kabisa, kuridhi na kurithi, vinywani mwao yalikuwa neno moja: kurisi. Mtu aliyekubali jambo alisema amerisi, na mtu aliyeachiwa mali na marehemu alisema amerisi. Hawakuchanganyikiwa, kwa sababu walikuwa wakitazamana walipozungumza. Mimi nilikuwa nimesoma shule za misheni, na nilikuwa nimechapwa hadi nikatenganisha dh na th bila kufikiri. Nilijiona nimepewa ufunguo ambao wao hawakuwa nao.

Zikiwa zimebaki siku nne za ilani, Masatu, fundi baiskeli wa Nyasho na rafiki wa mjomba, alikuja kula nasi mchana. Masatu alikuwa mtu wa habari. Alikaa upande wa chakula wa meza, akaanza kutoa miiba ya furu kwa ustadi, akasema kwa sauti kubwa kwa ajili ya mjomba: "Yule mama wa hapo ameshasema maneno yake. Hata hamna haja ya kumsubiri."

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema, pale penye banda mimi nilisharisi zamani."

Mjomba aliacha kutafuna. "Anasema nini huyu?"

Nilimgeukia nikamwambia, kwa sauti ya kutosha: "Anasema jirani yetu amerithi pale penye banda."

Masatu alinitazama, kisha akatazama samaki wake. Mara nyingi nimejiuliza jicho lile lilikuwa na nini. Nadhani lilikuwa la mtu anayesikia maneno yake yakirudi yamevaa nguo nyingine, na ambaye, kwa kuwa aliyeyavisha amesoma, anadhani huenda hizo ndizo zilizokuwa nguo zake tangu mwanzo. Hakusema kitu ila, "Ndiyo hivyo, mura, kijana wangu. Wanawake wa siku hizi wanajuaga sheria." Mjomba akawaza kidogo. Alisema yeye na marehemu waliupanda ule ua pamoja kwa mikono yao, na haamini. Kisha akaniuliza swali moja tu, na swali hilo limenifuata maisha yangu yote ya kazi, shuleni na ofisini:

"Umemwuliza mwenyewe?"

"Habari zake zimeshafika, mjomba," nikajibu.

Jioni ile niliandika barua ya kuambatanisha na fomu. Ninayo hapa. Mwandiko ni mzuri, hilo silikatai. Nafasi ya saini ya jirani wa tatu niliiacha wazi, na katika barua nikaeleza kwa nini: "Jirani wa upande wa mashariki anadai kulirithi eneo lilipo banda, dai ambalo halina msingi wowote." Maneno matano ya mwisho hayakutoka kwa Masatu wala kwa mtu yeyote. Niliyaongeza kwa sababu sentensi ilikuwa inahitaji mwisho. Mjomba aliweka saini yake taratibu, herufi moja moja, bila kuniomba nimsomee. Siku iliyofuata nilipeleka faili ofisi ya ardhi ya mji, nikapewa risiti yenye muhuri, nikarudi kwa miguu nikijihisi mtu mzima.

Sasa, baada ya miaka yote hii, nikiisoma barua hiyo naona kwamba ofisi haikukosea hata hatua moja. Karani aliyepokea faili alifanya alichotakiwa kufanya. Palipokuwa na dai la umiliki, kibali kilisimama; palipokuwa na urithi, warithi waliojulikana walijulishwa. Barua ya wito ilikwenda kwa Mama Nyangeta, na nakala, pamoja na ya barua yangu, ikaenda Butiama kwa Mzee Magoti, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Kwa siku chache mimi nilihesabu kusimama huko kwa kibali kama ushindi, maana banda nalo lisingevunjwa shauri likiendelea. Mjomba alirudi kuweka kiganja kwenye nguzo, juu ya rangi iliyokwisha kukauka.

Mama Nyangeta alirudi kutoka Bunda siku ya Jumamosi. Jumapili baada ya misa alipita kwenye pengo la ua, kama alivyozoea, akiwa na barua ya wito mkononi, akatukuta tukinywa chai. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye tabia ya kukaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba ana safari. Alimwamkia mjomba kwa kumkaribia sikio, akapokea kikombe, akanipa ile karatasi.

"Msomi, hebu nisomee. Mpangaji wangu amenisomea nikaona hajui kusoma."

Nilimsomea. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba mama huyo anadai kulirithi eneo lilipo banda, sauti yangu ilijua jambo kabla yangu, ikapungua. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akanywa chai.

"Kumbe mimi tajiri," alisema. "Nimerisi mpaka njiwa."

Ndipo nilipolisikia. Alikuwa amelitamka neno lile mbele yangu, kwa midomo yake mwenyewe, na lilikuwa lile lile la Masatu, nami nilikuwa sijawahi kulisikia kabla ya dakika ile. Nikamwuliza alisema nini hasa kuhusu banda. Akanieleza bila haraka, kama mtu anayeelekeza njia. Kabla ya kwenda msibani alikuwa bombani akichota maji, mwanamke mmoja akamwuliza kama kweli mkaguzi amechora X kwa Mafuru, na je, yeye aliye karibu haudhiki na hao ndege. Akajibu kwamba pale penye banda yeye alisharisi zamani, tangu mumewe yuko hai, wasimuulize tena. Basi. Masatu hakuwapo bombani. Masatu alikuwa ameambiwa na yule mwanamke alipopeleka baiskeli kuzibwa pancha.

"Nani ameandika hivi?" aliuliza.

Mjomba hakuwa amesikia yote, lakini aliuona uso wangu. Alisukuma kikombe chake pembeni. "Mpwa wangu ameandika," alisema kwa sauti yake ya chini. "Na mimi nimeweka saini."

Mama Nyangeta aliichukua tena karatasi. Hakuongeza sauti. "Sina neno na njiwa," alisema. "Ila na Butiama wamepelekewa hii. Nimeona jina la shemeji hapo chini. Wao walikuwa wamekaa tu kimya, mwanangu. Miaka miwili hawajauliza nyumba ya nani. Sasa umewaandikia kwamba mimi nimejitangaza."

Siku ya pili nilikwenda ofisi ya ardhi kabla haijafunguliwa. Nilimweleza karani kila kitu, nikatamka maneno yote mawili, nikaeleza tofauti. Alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyekwisha kusikia mengi. "Ndugu yangu," akasema, "mimi nakuelewa. Lakini hapa sisi hatusikii, tunasoma. Shauri liko baraza la kata. Nenda ukaseme huko." Niliandika barua ya pili, ya kufuta ya kwanza. Hiyo nayo ninayo. Mwandiko wake si mzuri.

Baraza liliketi katika chumba cha darasa, wajumbe wakiwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa vifua. Mwenyekiti alikuwa mzee wa rasi ya ziwani, mvuvi mstaafu, mtu mwenye haki. Tatizo lake lilikuwa moja: mdomo wake ulikuwa kama wa Mama Nyangeta. Alisoma barua yangu ya kwanza, akasoma ya pili, akavua miwani.

"Mama," akauliza, "umerisi au umerisi?"

Chumba kizima kilicheka. Hata yeye mwenyewe alitabasamu, na mjumbe mmoja akasema, "Mwenyekiti, hapo umemsaidia sana." Mama Nyangeta hakucheka. Alijibu: "Nimerisi njiwa wakae. Sijasema ardhi." Katibu akaandika. Ndipo mwenyekiti aliponigeukia, na kicheko kikaisha.

"Wewe ndiye uliyeandika hii ya kwanza?"

"Ni mimi."

"Ulimsikia mama huyu akisema?"

"Hapana. Niliambiwa."

"Aliyekuambia, yeye alisikia?"

"Hapana. Aliambiwa."

"Basi hapa mwenye kusikia ni nani?"

Alinitazama bila hasira, na nadhani ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika. Baraza likaamua kwamba hakuna mgogoro wa mpaka, wala hapakuwahi kuwapo, na kwamba fomu ya jirani ijazwe upya na jirani mwenyewe. Kwa hiyo kijana wa msibani asikie: hakuna aliyeshinda, kwa kuwa hakuna aliyeshindana.

Lakini baraza la kata lilikuwa na uwezo juu ya ua wa minyaa tu. Juu ya Butiama halikuwa nao. Mzee Magoti aliita kikao cha ukoo, na mjomba akasema tutakwenda, hata kama hatukuitwa. Alivaa koti lake la kanisani. Tulikaribishwa vizuri, tulipewa maziwa ya mgando kwenye vibuyu, tukaulizwa habari za ziwa, na kwa saa nzima hakuna aliyetaja kilichotuleta. Chumba kilikuwa safi, sakafu ya udongo iliyosilibwa, na ukutani palitundikwa picha ya marehemu akiwa amevaa sare ya kazi. Mama Nyangeta alikaa chini, mlangoni, juu ya mkeka, na binti zake wawili nyuma yake. Hakuwa na mtoto wa kiume. Hatimaye Mzee Magoti alitoa nakala yake ya barua yangu kutoka ndani ya Biblia. Nikasimama nikaeleza, kwa Kiswahili changu kilichonyooka, kosa langu lote. Nikamkabidhi barua ya pili.

Aliziweka zote mbili gotini, moja kila upande. "Mura," akasema, "hii umeandika kwa mkono wako?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Zote mbili zimenyooka. Zote zina muhuri. Mimi nichukue ipi?"

Nikasema achukue ya pili, kwa kuwa ya kwanza haikuwa kweli. Akatikisa kichwa polepole. "Ya kwanza uliiandika hujui mtu atalia. Ya pili umeiandika umeona mtu analia. Sisi watu wa huku tunaaminiga ile ya kwanza." Mjomba, ambaye nilikuwa nimemrudia maneno hayo sikioni, alisema kwamba yeye alikuwa rafiki wa marehemu, na kwamba marehemu angependa mke wake akae pale alipomwacha. Mzee Magoti alimjibu kwa heshima kabisa. Alisema hakuna anayemfukuza mama. Ukoo umeona tu kwamba, kwa kuwa jambo la urithi limeshafika serikalini, ni vema nalo limalizwe kiukoo. Nyumbani ataingia mdogo wa marehemu na familia yake, na mama na binti zake watapewa chumba kimoja.

Tukiwa njiani kurudi nilimgeukia mjomba tulipoliona ziwa. Nilimwambia mama anaweza kwenda mahakamani, kwamba sheria ipo upande wake, kwamba nitamwandikia kila kitu. Alinisikia, maana alinitazama mdomo. "Usimwandikie," alisema. Nilikwenda kumwambia Mama Nyangeta mwenyewe maneno hayo hayo kuhusu mahakama. Alikuwa akichambua mtama barazani. "Nimechoka kusomwa, mwanangu," alinijibu. "Nitakwenda Bunda kwa dada yangu. Chumba kimoja katika nyumba yangu mwenyewe, hapana." Nimewahi kusikia watu wakimsifu kwa upole wake katika jambo hili. Haukuwa upole. Niliuona uso wake, na nikisema niliuona nina maana kwamba niliuona.

Mjomba hakumpelekea ile fomu mpya. Shauri likiwa limekwisha, siku za ilani zilikuwa zinahesabiwa tena, na alikuwa ameweka nondo ya kung'olea misumari chini ya banda, tayari kulivunja. Alisema hawezi kumwomba saini mtu anayefunga vyombo. Sikuthubutu kumpinga, na sikuthubutu kwenda peke yangu. Siku mbili kabla ya mama kuondoka, binti yake mkubwa alikuja na ujumbe mfupi: mama anasema yule msomi aje, aje na ile karatasi.

Nilimkuta katika sebule iliyobaki tupu. Vitanda vilikuwa vimefunguliwa na kuegemezwa ukutani, vyungu vimefungwa ndani ya kanga, na dirisha la magharibi liko wazi, hivyo mngurumo wa njiwa uliingia na kujaa chumbani kuliko ulivyowahi kujaa kukiwa na samani. Alikuwa amebakiza kiti kimoja na akanipa mimi. Yeye alikaa juu ya gunia la mtama. Alinitaka nisome fomu yote, tangu kichwa cha habari, pamoja na namba ya kiwanja. Nikasoma. Tulipofika kwenye mstari wa maelezo ya jirani, nikaandaa kalamu, nikamwomba aseme.

"Nimerisi," akasema.

Kalamu yangu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Nilijua herufi zake. Kila mtu mle ndani, hadi binti mdogo aliyekuwa akifunga kamba, alizijua. Nikaiinua kalamu.

"Maana yake nini, mama?"

Alinitazama, mwanamke yule aliyekuwa anaondoka katika nyumba yake kwa sababu swali hilo lilikuwa limechelewa majuma tisa. Kisha akanyoosha mkono apokee kalamu.

"Maana yake njiwa wakae."